TAHADHARI: Huyu fundi wa matanki ya alumini anauza puti na rangi

Wakuu, nimepigwa, tena kwa kitu ambacho kingeweza kuniunguzia nyumba. Jina na namba sitaweka hapa kwa sababu nimeshachukua RB na jambo liko polisi, lakini mkisoma mpaka mwisho mtamtambua kwa mtindo wake.

Pikipiki yangu ni Honda CRF450R. Tanki lake la kiwandani ni la titani, lita 6.3 tu. Kwa motokrosi ya nusu saa linatosha. Mimi nilitaka kuingia mbio ndefu za porini, nikawa natafuta wa kunichongea tanki la alumini la lita 13. Nikamkuta mtandaoni, anajitangaza yuko Dar, picha zake tamu: mishono imepangana kama magamba ya samaki. Baadaye sana ndipo nilipoziangalia vizuri. Kwenye picha moja ukutani kuna soketi ya umeme yenye matundu mawili ya duara, siyo hii yetu ya pini tatu. Picha za watu wa Ulaya hizo.

Tulikubaliana 1,100,000, kianzio 700,000. Akaniahidi alumini ya daraja la 5052 yenye unene wa milimita 2, weldingi ya tigi (TIG) kwa gesi ya agoni, na kuta za ndani za kuzuia mafuta yasicheze ukikata kona. Kwa maneno alikuwa anaijua kazi kuliko mimi. Wiki tatu zikawa tisa. Mara gesi imeisha, mara umeme hakuna, mara mjomba amefariki. Mjomba huyo alifariki mara mbili. Mwisho akasema nimalizie hela aweke tanki kwenye basi. Nikamalizia.

Tanki likafika Arusha limepakwa rangi nyekundu, linang'aa. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, sikushtuka. Nikaweka sumaku, haikushika, nikaridhika kwamba kweli ni alumini. Nikalibeba kwa mkono mmoja nikasifia wepesi wake! Wepesi ule ulikuwa wizi. Mita moja ya mraba ya alumini ya milimita 2 ina kilo 5.4, yeye alitumia bati la milimita 1, nusu ya uzito na nusu ya bei. Nikalijaza maji kwa jagi la lita moja, likashika lita kumi na nusu. Nikajisemea potelea mbali, nitajaza mara mbili.

Siku ya kwanza ya mazoezi, mzunguko wa nne pikipiki ikazima kama imekatiwa umeme. Nikafungua kifuniko, tanki likavuta hewa fyuuu, pikipiki ikawaka. Kumbe hakuweka tundu la kupumulia hata moja. Pampu inanyonya mafuta, hewa haiingii, mpaka pampu inashindwa. Ubavu mmoja ulikuwa umeshaanza kubonyea. Nikaazima kifuniko chenye mpira wa kupumulia kwa jamaa, tukaendelea. Siku hiyohiyo chujio la pampu likaziba kwa vumbi la msasa na chembe za alumini, maana tanki halikuoshwa ndani hata mara moja.

Usiku nikaiweka pikipiki stoo, ukuta mmoja na jikoni. Alfajiri mama watoto ndiye aliyenusa. Alikuwa na kiberiti mkononi anataka kuwasha jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hautoki juu dirishani, unatambaa sakafuni na kupita chini ya mlango mpaka ulipo moto. Nilipoingia stoo nikakuta rangi ya chini ya tanki imevimba malengelenge, na tone linaangukia palepale ekzosi inapopita. Ingekuwa mchana wa mazoezi, ekzosi ya moto, nisingekuwa naandika hapa.

Nikakwangua kwa bisibisi. Chini ya rangi puti, chini ya puti gundi ya epoksi, chini ya gundi ndiyo weldingi, nyeusi, ina matundu kama sega la nyuki. Fundi mmoja mzee wa hapa mjini aliicheka tu. Akanieleza kwamba alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ule utando wa oksidi juu yake unataka zaidi ya 2,000. Usipousugua kwa brashi safi ya chuma kisichoshika kutu, na gesi yako ikiwa ya kubania, unachomelea uchafu. Puti ya magari haikutengenezwa kukaa na petroli. Inalegea, na rangi inaondoka nayo.

Nilipompigia yule tapeli akajibu kwa upole kabisa: "Bosi lete, nakupigia weldingi upya bure leoleo." Jamani, tanki lililowahi kuwekwa petroli halichomelewi hivihivi. Hata likionekana kavu, mvuke uliobaki ndani unatosha kulipasua kama bomu. Ama hajui, ama hajali. Nilipomwambia nataka hela yangu, akanifungia namba.

Kama kuna mtu bado anataka kuchongesha, nami siwakatazi maana mafundi wazuri wapo, kataa tanki lenye rangi. Lije alumini tupu, mishono ionekane, rangi utapiga mwenyewe. Kabla ya hela ya mwisho liwe limezibwa, limetiwa upepo kidogo sana, psi 2 au 3 zinatosha (ukizidisha utalivimbisha), limepakwa maji ya sabuni kila mshono huku unaangalia, hata kwa video ya moja kwa moja. Povu likitokea, hakuna mjadala. Muulize pia anatumia waya gani wa kuchomelea. Kwa alumini ya 5052 jibu la kawaida ni waya wa 5356. Akikwambia ana 6061-T6, alumini ya daraja gumu, na ataikunja pembe kali, ujue itapasuka kwenye mkunjo. Na vishikizio viwe na mipira, kwa sababu mtetemo wa silinda moja ya 450 unakata hata weldingi nzuri. Wenzetu wa mbio za lami, kanuni za FIM, shirikisho la kimataifa la michezo ya pikipiki, zinataka tanki lijazwe kitu cha kuzuia mlipuko na mpira wa kupumulia uwe na vali ya njia moja. Sisi wa porini hatulazimishwi hilo la kujaza, lakini vali hiyo ni ya bei ndogo na ukianguka pikipiki haimwagi mafuta kwenye injini.

Juzi nimemwona amerudi kwa jina jingine na picha zilezile, soketi ileile ya matundu mawili. Tanki langu nimelijaza maji nikalikata katikati kwa msumeno wa mkono. Ndani hakuna ukuta hata mmoja. Liko gereji, aliye Arusha aje alione kabla hajatuma kianzio.