Stendi tatu za maua, mwaka mmoja barazani: ipi bado imesimama?

Haya, karibuni. Leo sifungui boksi lolote. Bidhaa ninazochambua ziko hapa nyuma yangu: stendi tatu za maua nilizotengeneza mwenyewe mwaka jana, hapa hapa nyumbani Dar. Zimekaa mwaka mzima kwenye hii baraza, mvua ikija upande huu zinalowa, jua la saa tisa linazipiga. Na moja, kama mnavyoona, imelala ubavu.

Umbo ni moja kwa zote, ili nisije nikasema mbao mbaya kumbe mchoro ndio mbaya. Miguu minne ya sentimita 45, na msalaba katikati wa kukalia chungu. Vipande viwili vya msalaba nimevichonga kila kimoja nusu ya unene wake, vikaingiana, juu pakawa sawa. Chungu changu kina upana wa sentimita 25, kwa hiyo msalaba nimeukata 26, kiingie na kutoka bila ugomvi. Mbao mbili za mbili kwa mbili, futi 12 kila moja, zinatoa stendi tatu kamili. Ila msiamini jina la mbao! Ikishapigwa randa, hiyo mbili kwa mbili haifiki inchi mbili. Yangu ilikuwa kama sentimita nne na nusu. Pima mbao uliyoishika mkononi, ndipo uchore pale pa kuchonga.

Sasa tuanze na marehemu. Hii ni paini ya kawaida, haijatiwa dawa. Niliinunua asubuhi, jioni nikawa nimeshaifunga, na hapo ndipo nilipokosea. Mbao ilikuwa mbichi, nzito mkononi, hata msumeno ulikuwa unatoka na unyevu. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa, na skrubu iliyokuwa imebana inabaki inaelea kwenye tundu lake. Halafu skrubu zenyewe, angalieni hii: nyeusi, zile za jipsamu. Kila duka la vifaa vya ujenzi zipo, bei nafuu, zinaingia haraka. Lakini zimetengenezwa kushika bodi ya dari, si kubeba chungu. Hazipindi, zinakatika. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi zinaota kutu upesi sana. Hii imekatika shingoni kabisa.

Ilikatika saa nane usiku. Chungu kikaenda chini, mume wangu akaruka na panga akijua ni mwizi, kumbe ni ua langu, lile linaloitwa ulimi wa mama mkwe, limetawanyika sakafuni. Mmea wenyewe haukufa, ule ni mgumu kuliko sisi.

Kabla hamjauliza chungu kilikuwa na uzito gani: watu wanaudharau udongo. Ndoo ya rangi ya lita 20 ukiijaza udongo na kuimwagilia, inapita kilo 30. Ni kama mtoto wa darasa la tatu amekaa juu ya stendi yako mchana na usiku.

Ya pili, mapaleti, yale ya kubebea mizigo. Hapa nitapita haraka kwa sababu sikuipenda. Mbao zake ni nyembamba, ikabidi nigundishe mbilimbili kupata mguu. Misumari yake ina mikunjo, kuing'oa ni kazi ya siku nzima, na nusu ya mbao zilipasuka. Stendi imesimama, sikatai, ila inayumba. Kama ni lazima utumie paleti, tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona HT, mbao ilitibiwa kwa joto. Ukiona MB, ilifukiziwa methyl bromide, ambayo ni sumu ya kuua wadudu. Hiyo usiingize nyumbani. Isiyo na muhuri, mimi naiacha ilipo.

Ya tatu ni hii hapa. Mninga. Nilipata vipande vilivyobaki kwa fundi mmoja Keko, maana mbao nzima ya mninga bei yake inakutaka ukae chini kwanza unywe maji. Mninga hausinyai sana wala haujikunji, na mchwa hawauhangaikii. Nimeweka kipimo pembeni hapa, mguu kwa mguu, haujasogea. Kasoro? Vumbi lake. Nilipiga msasa bila barakoa, nikapiga chafya siku mbili. Vaeni barakoa, hata ile ya kitambaa si haba.

Lakini njooni karibu na kamera, kitu nilichotaka kuwaonyesha leo ni hiki. Nageuza ya paini, angalieni nyayo. Nyeusi, laini, kucha inaingia. Nageuza ya paleti, vilevile. Juu kote vanishi inang'aa, chini kumeoza. Mguu wa mbao ni kama mirija imefungwa pamoja, na ncha iliyokatwa ndiyo midomo yake. Ukimwagilia maua, maji yanatuama sakafuni, mguu unayanyonya kwa chini. Hata mninga umebadilika rangi hapa, ingawa bado mgumu.

Kwa hiyo nikianza upya, na nimeshaanza, nachukua paini iliyotiwa dawa, ile yenye ukijani. Kata ncha kidogo uone: ukijani uwe umeingia ndani, usiwe wa juu tu. Naiacha wiki mbili kivulini, nimeitenganisha kwa vijiti hewa ipite. Skrubu ni za inchi tatu zisizoshika kutu, mbili kila mguu, na gundi ya mbao. Natoboa kwanza kwa drili, kwa sababu skrubu inaingia kwenye ncha ya kipande cha msalaba, na ncha haishiki vizuri kama ubavu.

Onyo moja la hiyo mbao ya kijani. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vinavyobaki msitie jikoni kupikia, na msimpe mama lishe kama kuni. Wala mimi sitaitumia kutengeneza boksi la kupandia mchicha. Stendi haina shida, chungu kiko katikati yake na udongo.

Vanishi napaka mara mbili mwili mzima, ila nyayo napaka mara nne, naacha inywe, napaka tena. Kisha, msinicheke, nakata ndala kuukuu vipande vidogo nabandika chini kwa gundi ya viatu. Ndala hainyonyi maji, inainua mguu kutoka kwenye unyevu, na vigae havichubuki. Hii ya majaribio ina miezi mitano, geuza uone: kavu.

Wifi yangu ameshaiomba hiyo ya mninga mara mbili. Wifi, najua unatazama. Ya mninga sitoi. Lete ndala zako kuukuu, nikutengenezee ya paini.