Jupyter darasani, na siku sin(50x) iliponichezea

Nafundisha hesabu kidato cha tano na sita, na mpaka mwaka jana grafu zangu zote zilikuwa za chaki na rula ya mbao. Sasa natumia Jupyter, programu ya kuandika na kuendesha kodi, kwenye laptopu yangu iliyochoka, nimeichomeka kwenye projekta ya shule. Haina malipo, na ukishaipakua haili bando: inafunguka kwenye kivinjari, lakini kazi yote inafanyika humohumo kwenye mashine yako. Unaandika mistari mitatu minne ya lugha ya Python ndani ya seli (kisanduku cha kuandikia), unabonyeza Shift na Enter, grafu hiyo chini yake.

Kilichoniteka ni kitelezi cha ipywidgets, nyongeza ya Jupyter inayokuwezesha kubadili namba kwa kuvuta kipanya. Niliandika y = ax² + bx + c, nikampa mwanafunzi mmoja kipanya avute a. Bakuli likatanuka, likatanuka, a ilipofika 0 likawa mstari ulionyooka, kisha likapinduka. Darasa zima, "Eeeh!" Kwa chaki hilo lingenila vipindi viwili.

Ila usiiamini kibubusa. Siku moja nilichora sin(50x) kutoka 0 hadi 2π, nikitegemea mawimbi 50 yaliyobanana. Likatoka wimbi moja, limetulia tuli. Nikadhani nimekosea kuandika, nikarudia. Lilelile! Kumbe linspace, amri inayopanga nukta za x, usipoitajia idadi ya nukta inakupa 50 tu, na Matplotlib, ile inayochora grafu, yenyewe inaunganisha nukta ilizopewa, basi. Kutoka nukta moja hadi nyingine ni 2π/49. Zidisha kwa 50, unapata mzunguko mmoja kamili na 2π/49 juu yake. Yaani kila nukta ilikuwa inaangukia palepale inapopita sin(x) ya kawaida. Nikaweka 5000, mawimbi yote yakajitokeza. Na tan(x) nayo, pale π/2, huchorewa mstari wa wima ambao haupo. Mimi thamani zilizozidi kiasi nazigeuza np.nan (yaani "si namba"), mstari unakatika.

Kero nyingine ni za kuzoea tu. Kipeo ni **, si ^. Halafu ukiendesha seli shaghalabaghala, x ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu. Nimeshawahi kueleza grafu ya jana dakika kumi nzima nikidhani ni ya leo.

Wanafunzi bado nawachoresha kwa penseli kwanza. Chumba cha mtihani hakina laptopu.