Ofisi ya mwakilishi wadi wetu: tathmini ya mtumiaji baada ya mwaka mmoja

Mimi ni katibu wa chama cha wauza samaki na mboga katika mji mmoja wa pwani ya Kenya, na kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikipanda ngazi za ofisi ya mwakilishi wadi wetu (mjumbe wetu katika bunge la kaunti), vyumba viwili vilivyo juu ya duka la nafaka, kutafuta huduma ambayo wengi hawajui kwamba ni haki yao. Sitaitaja wadi wala jina la mwakilishi, kwa kuwa nia yangu ni kumsaidia mkaazi wa wadi yoyote kati ya 1,450 za nchi hii aipime ofisi yake mwenyewe.

Kwa kawaida ofisi ya namna hii hupimwa kwa basari, michango ya mazishi na lori za kifusi. Nami nilipima hivyo hivyo mpaka niliposomewa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ambayo kifungu chake cha 9 kinamtaka mwakilishi awe karibu na wapiga kura, ashauriane nao juu ya mambo yaliyo mbele ya bunge la kaunti na kuyafikisha maoni yao huko, na papo hapo kinamkataza kujiingiza katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti. Kumlaumu kwa barabara isiyotengenezwa ni kumdai asichokabidhiwa. Ninachokipima hapa ni alichokabidhiwa: kutufikisha kwenye maamuzi kabla hayajapitishwa, na kusimama nasi haki zetu zinapoguswa.

Mara ya kwanza nilikwenda kwa sababu ya Mswada wa Fedha wa kaunti, uliokusudia kupandisha ushuru wa meza za soko na kuwaruhusu askari wa kaunti kuchukua bidhaa za asiyelipa. Tangazo la kikao cha maoni ya umma lilitoka gazetini kwa Kiingereza, siku nne tu kabla ya kikao, na sokoni hakuna aliyeliona. Karani wa ofisi alinipa nakala ya mswada siku ileile. Kesho yake mwakilishi alikuwa ameandika muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, ukabandikwa bandarini, msikitini, kanisani na kwenye lango la soko. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote alizotufanyia, kwa maana muuza dagaa aliyesoma kwamba samaki wake wanaweza kuchukuliwa bila stakabadhi hakuhitaji kuhimizwa ahudhurie. Ukumbi ulijaa, watu wakazungumza mmoja mmoja na majina yao yakaandikwa. Ushuru ulipanda kama ulivyopendekezwa, lakini kifungu cha kuchukua mali kilirekebishwa: askari lazima aandike orodha ya alichochukua na kumwachia mwenye mali nakala.

Huduma ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Baada ya ushuru kupita, vijana wa sokoni waliandamana. Mwakilishi alikuwa ametuambia waziwazi, mbele ya mkutano wa chama, kwamba hakubaliani na maandamano hayo na kwamba tungesubiri ombi letu lijadiliwe bungeni. Vijana waliandamana hata hivyo, bila silaha na bila fujo, kama Ibara ya 37 ya Katiba inavyowaruhusu, na jioni 11 kati yao wakakamatwa. Saa tatu usiku alikuwa kituoni. Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, naye hana amri yoyote juu yao. Hakudai wala kutoa amri. Aliomba kila jina liandikwe katika kitabu cha matukio, akachukua namba ya OB, yaani ya kitabu hicho, ya kila kijana, akawapigia simu wazazi, akamtafuta wakili, kisha akakaa kwenye benchi mpaka wakili huyo alipoonana nao. Ibara ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, na asubuhi vijana wote walifikishwa, wakaachiliwa kwa dhamana. Mzazi mmoja alimwambia, “Mama, ulisema hukuwaunga mkono.” Akajibu kwamba kutokubaliana nao ni jambo moja, na kupotelea kwao rumande bila majina yao kuandikwa ni jambo jingine. Nimewaona viongozi wengi wakiwatetea wafuasi wao. Huyu alikuja kwa watu waliokuwa wamempinga.

Hata hivyo sitaficha kasoro. Baada ya kikao cha maoni, wasaidizi wake waligawa shilingi mia mbili kwa kila aliyehudhuria, jambo lililonihuzunisha, kwa sababu kikao kilichofuata wengine waliuliza posho kabla ya kuuliza ajenda. Niliomba kumbukumbu za mjadala wa bunge la kaunti kuhusu mswada ule, nikaandika barua kwa Kiswahili kama Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inavyoniruhusu. Sheria hiyo inatoa siku 21 za kujibu. Nilijibiwa baada ya miezi miwili, na ofisi ya wadi haikufuatilia hata mara moja.

Kasoro iliyo kubwa zaidi niliiona kwenye lango la bunge la kaunti. Nilikwenda kusikiliza kikao cha kamati, mlinzi akanizuia. Ibara ya 196 inasema vikao vya bunge la kaunti na vya kamati zake vifanyike hadharani, na umma hauwezi kuzuiwa ila spika aone sababu za pekee za kufanya hivyo. Nilimpigia mwakilishi simu, akatoka, akaniingiza. Nilimshukuru, lakini waliokuwa nyuma yangu, wasio na namba yake, walirudi nyumbani. Nilitarajia alipeleke suala hilo kwa spika ili lango libaki wazi kwa kila mtu, na mpaka leo hajalipeleka.

Kwa jumla naipa ofisi hii nyota tatu na nusu kwa tano: nusu hiyo ni ya usiku wa kituoni, na nyota nitakayoongeza inasubiri lango lile. Anayetaka kuitumia aende Jumatatu au Alhamisi asubuhi, ambapo mwakilishi mwenyewe huwapo. Ombi aliandike, hata kwa mkono, na aende na nakala mbili, moja igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, abaki nayo.