Ukaguzi wa Y2K tulioulipia mwaka 1999: stika ya kijani na mzee wa Clipper

Siku hizi tatizo la mwaka 2000 (Y2K), yaani kompyuta zilizoandika mwaka kwa tarakimu mbili kuisoma 00 kama 1900, likitajwa, atatokea mtu kusema ulikuwa uzushi wa wauza kompyuta. Wakati ule nilikuwa karani wa mikopo katika chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, Dar es Salaam. Mwaka 1999 tulilipia huduma mbili za kulikabili. Ya kwanza ilikuwa hasara. Ya pili ningeilipia tena kesho asubuhi.

Kwetu shida haikungoja mwaka 2000. Ilianza Februari 1997. Mwanachama alipitishiwa mkopo wa miezi 36, nikaingiza tarehe, na pale programu ilipotakiwa kuonyesha mwaka wa rejesho la mwisho zikatokea nyota mbili: **. Nikafuta, nikaingiza upya. Nyota zile zile. Mkopo wa miezi 24 ulipita, wa 36 ukagoma. Tukawa tunaandika mwaka kwa kalamu pembeni ya karatasi iliyochapwa, tukidhani ni hitilafu ndogo. Ilipoingia 1998, mikopo ya miezi 24 nayo ikaanza kutoa nyota. Hapo kamati ikaamka.

Huduma ya kwanza ilikuwa ya kampuni moja ya mjini. Kijana alikuja na diski yake ya flopi, akaingia kwenye kila mashine kwa dakika chache, akabandika stika ya kijani ya kuthibitisha kwamba mashine iko tayari kwa mwaka 2000. Mashine tatu, stika tatu, ripoti ya ukurasa mmoja, na ankara iliyomfanya mweka hazina avue miwani. Nikamwonyesha zile nyota. Akanijibu kwa upole kwamba hiyo ni programu yetu, wao wanakagua mashine. Kweli, mkataba ulisema hivyo. Lakini mkopo wa mwanachama hauko kwenye mashine tupu, uko kwenye leja, na leja hakuna aliyeifungua. Kwa huduma hiyo natoa nyota moja kati ya tano, na hiyo moja ni ya adabu ya yule kijana.

Huduma ya pili ilikuwa ya Mzee tuliyeletewa na mwenyekiti. Alikuwa amestaafu, na ujana wake wote aliutumia kwenye kompyuta kubwa za kadi za matundu. Nilipomwamkia shikamoo akaitikia, na kabla hajaketi akauliza, "Binti, nakala ya data yenu iko wapi?" Hakugusa kitu mpaka alipopata nakala mbili za leja nzima kwenye flopi, moja akampa mwenyekiti akae nayo nyumbani.

Kisha akaenda kwenye mashine zenye stika. Akaweka tarehe 31 Desemba 1999, dakika mbili kabla ya usiku wa manane, akaizima kila moja, akaomba chai. Alipoziwasha, mbili zilikuwa sawa. Ya pembeni ya dirisha ikaandika tarehe 4 Januari 1980.

Alinieleza kwa kuchora nyuma ya bahasha. Saa ya ndani ya kompyuta zile ilihesabu tarakimu mbili tu za mwaka. Karne ilihifadhiwa mahali pengine, na saa yenyewe haikuigusa. Mashine ikiwa inawaka usiku wa manane, DOS, mfumo endeshi wa kompyuta zile, hujihesabia yenyewe na kuvuka vizuri. Ikiwa imezimwa, asubuhi inasoma 1900, na kwa kuwa DOS haijui siku yoyote kabla ya 1980, inaangukia huko. Nikakumbuka kwamba yule kijana wa stika alizijaribu zikiwa zinawaka, hakuzima hata moja.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye programu ya mikopo, iliyoandikwa kwa Clipper, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Faili zenyewe zilitunza tarehe kwa mwaka kamili wa tarakimu nne, kwa hiyo tarehe za zamani zilikuwa salama. Ila aliyetuandikia programu alitenga nafasi ya tarakimu mbili kwa mwaka wa kumaliza deni, akawa anajumlisha: 97 na 3 ni 100, mia haienei kwenye nafasi mbili, Clipper inajaza nyota. Miaka miwili na zaidi nilikuwa naandika kwa kalamu kitu ambacho maelezo yake ni sentensi moja!

Baya zaidi lilikuwa orodha ya wadaiwa. Ilipangwa kwa zile tarakimu mbili, na 00 hutangulia 99. Deni jipya la Januari 2000 lingekaa juu kabisa kama deni kongwe kuliko yote, na kupigwa faini ya kuchelewa. Hilo si la kufikirika. Katika jimbo la New York, Marekani, duka la kukodisha video lilimdai mteja dola 91,250, faini ya kanda iliyoonekana imechelewa miaka 100. Na Uingereza kulitokea lisilochekesha hata kidogo: mfumo wa kompyuta ulikosea umri wa kina mama, na wajawazito 154 wakapewa majibu yasiyo sahihi ya kipimo cha uwezekano wa mtoto kuwa na ugonjwa wa Down. Kila nikisikia neno uzushi nawakumbuka kina mama hao.

Kulikuwa pia na tarehe tunazoingiza kwa mkono. Ukiandika 05/01/00, programu ilielewa 1900. Mzee akaniuliza mwanachama wetu mwenye umri mkubwa kuliko wote alizaliwa lini. Nikamtajia mlinzi wetu, wa 1941. Akaandika mstari mmoja, SET EPOCH TO 1930, maana yake kuanzia 30 hadi 99 ni miaka ya 1900, na kuanzia 00 hadi 29 ni ya 2000. Angeweka 1950 bila kuuliza, mlinzi angezaliwa 2041.

Kasoro zake nazisema. Alikuwa polepole mno, na mwezi Novemba alifunga dirisha la mikopo siku mbili nzima kuhakiki hesabu moja moja dhidi ya leja ya karatasi. Wanachama walinisema mimi, si yeye. Tena alipima mpaka 29 Februari, kwa kuwa mwaka 1900 haukuwa mrefu (wa siku 366) lakini 2000 unagawanyika kwa 400, na programu yetu ilikuwa haijui. Wiki tatu kwa jumla. Nyota tano.

Tarehe 31 Desemba iliangukia Ijumaa, kumi la mwisho la Ramadhani. Saa nane mchana kwetu, New Zealand walishavuka, na redio ikasema taa zao zinawaka. Sikulala vizuri hata hivyo. Jumatatu, tarehe 3 Januari 2000, nilifika wa kwanza. Mashine ya dirishani ikaandika 4 Januari 1980, kama alivyosema. Nikaiwekea tarehe kwa mkono alivyonifundisha, nikaizima, nikaiwasha, ikashika. Mkopo wa kwanza wa mwaka ulikuwa wa miezi 36. Printa ikatoa: Januari 2003.

Katika daftari langu, chini ya ule mstari wa 1930, Mzee alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mwisho 2029." Nilipohama chama mwaka 2006 programu ilikuwa bado inafanya kazi. Nilimkabidhi karani aliyenifuata daftari hilo likiwa wazi kwenye ukurasa huo, nikamwambia ausome kwa sauti.