Shule ya uhisani ya Indiana: usimpeleke mtu mmoja

Mashirika mengi yasiyo ya faida hukumbuka mafunzo siku akaunti imebaki tupu na mishahara imekaribia. Anayefika Indianapolis, iliko shule hii, katika hali hiyo atarudi kama alivyokwenda. Shule ya uhisani ya Chuo Kikuu cha Indiana, ambayo jina lake kamili ni Lilly Family School of Philanthropy, haifundishi kuzima moto. Inafundisha kulijenga shirika hadi uchangishaji wake uwe na mzunguko unaorudi kila mwaka bila hofu, na kwa kazi hiyo ni miongoni mwa huduma bora za aina yake nchini Marekani. Kasoro yake kubwa inatokana zaidi na jinsi wateja wanavyoitumia: shirika zima humtegemea mtu mmoja aliyekwenda darasani.

Umri wa shule hii una maana kwa anayefikiria kulipa. Mizizi yake ni kozi za uchangishaji alizoanzisha Hank Rosso huko California mwaka 1974. Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Indiana kilifungua kituo cha uhisani na kozi hizo zikahamia hapo. Robert Payton, mkurugenzi wa kwanza wa kituo, alisisitiza kwamba uhisani ni hatua ya hiari kwa manufaa ya umma, na kwamba unastahili kusomwa kwa uzito uleule wa historia au uchumi. Shahada za juu zikafuata, na mwaka 2012 kituo kikawa shule kamili, ya kwanza duniani ya uhisani. Mwaka uliofuata ikapewa jina la familia ya Lilly. Ndiyo maana ndani yake kuna vitu viwili ambavyo wageni huvichanganya. Upo upande wa shahada, na upo upande wa kozi fupi za watendaji, ambao bado unabeba jina la The Fund Raising School. Mkurugenzi mwenye kazi yake na bajeti ya kutimiza anahitaji huu wa pili.

Kozi ya msingi, Kanuni na Mbinu za Uchangishaji, inasimama juu ya mzunguko wa hatua 14. Kuomba fedha ni hatua ya 13. Mtu akilielewa hilo peke yake, nauli imelipa. Hatua 12 za mwanzo zinahusu kuichunguza hoja ya shirika, yaani sababu ya watu kulichangia, kupima kama jamii inaikubali, kuandika mahitaji na malengo, kuwaingiza watu wa kujitolea mapema ili wayathibitishe mahitaji hayo, kuchagua njia za kuomba, kuwatambua watarajiwa, yaani watu wa kuombwa, na kupanga mawasiliano. Hatua ya 14 ni kumtunza aliyetoa na kumrudia. Mashirika dhaifu huruka kutoka ya kwanza hadi ya 13, kisha hulalamika kwamba matajiri wana mikono mizito.

Tofauti huonekana kwenye karatasi. Tuseme shirika linasafirisha wagonjwa kwenda hospitali. Hoja iliyoruka hatua huandikwa hivi: tunaomba dola 40,000 za kununua gari. Hapo anayehitaji ni shirika. Hoja iliyopitia hatua zote huanza na mgonjwa wa figo anayepaswa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki na asiye na usafiri. Hueleza ni wagonjwa wangapi wako katika hali hiyo na kinachowapata wakikosa safari moja, na gari hutajwa mwishoni kama njia ya kulitatua tatizo. Bei ya gari ni ileile, ila mchangiaji sasa anajua anamsaidia nani. Na kama wajumbe wa bodi walishaisoma hoja hiyo na kuibishia kabla haijatoka nje, wataweza kuitetea mbele ya rafiki zao bila kusoma karatasi. Hatua ya uthibitisho ina kazi hiyo, na ndiyo inayoachwa kwanza muda unapobana.

Chombo kinachostahili kukaa ukutani katika kila ofisi ni jedwali la ngazi za michango. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na msemo huo ni wa kweli, lakini mtu akiutumia kupanga mfuko wa mwaka ataumia. Mkurugenzi mwenye lengo la dola 100,000 hujiambia: nikipata watu 100, kila mmoja atoe 1,000, tumemaliza. Hawamalizi. Anayeweza kutoa 5,000 akiombwa 1,000 atatoa 1,000 na kushukuru, na asiyeweza 1,000 hatatoa chochote, maana ameona kiwango si chake.

Kanuni ya jedwali ni kwamba takriban asilimia 60 ya lengo la mwaka hutoka kwa asilimia 10 hivi ya wachangiaji. Kwa lengo letu la 100,000, juu kabisa wanahitajika watu 2 wa dola 5,000 kila mmoja, chini yao 4 wa 2,500, kisha 12 wa 1,250, halafu 20 wa 750 na 20 wa 500. Hao ni watu 58, na wameshaleta 60,000. Ngazi inayofuata ni watu 80 wa dola 250, ambao ni 20,000 nyingine. Sehemu iliyobaki inajazwa na watu 400 wenye wastani wa dola 50. Jumla ni wachangiaji 538, na wale 58 wa juu ni kama asilimia 11 yao.

Sasa weka watarajiwa. Katika ngazi mbili za juu tafuta watano kwa kila mchango mmoja, ya tatu wanne, mbili zinazofuata watatu, na kuanzia dola 250 kushuka chini wawili. Kwa michango 6 ya juu shirika linahitaji majina 30 ya watu wanaojulikana kweli. Orodha ya matajiri wa mji iliyonakiliwa gazetini haihesabiki. Hapa ndipo wengi hugundua kwamba lengo lao ni ndoto, na ni afadhali waligundue mwezi wa kwanza kuliko wa kumi na moja. Jedwali pia hueleza gharama ya kuogopa. Wale wawili wa 5,000 wakiombwa 1,000 tu, shirika limepoteza 8,000. Kuziba pengo hilo kwa michango ya 50 kunadai wachangiaji 160 zaidi, yaani watu 320 wa kuombwa, pamoja na barua, simu na stempu zake.

Nani anastahili kuandikwa katika majina hayo 30? Kuna kipimo cha mambo matatu: uhusiano, uwezo na kuguswa. Uhusiano maana yake yupo mtu wa shirika anayeweza kumpigia simu na simu ikapokelewa. Uwezo ni fedha za kutoa kwa kiwango kinachofikiriwa. Kuguswa ni kujali kazi yenyewe. Yote matatu lazima yawepo. Kosa la kawaida ni kuanzia kwenye uwezo na kuishia hapo, hivyo bilionea asiyelijua shirika hukalia nafasi ya kwanza mwaka baada ya mwaka, huku mwalimu mstaafu aliyejitolea miaka kumi na mwenye akiba nzuri hajawahi kuulizwa.

Upande wa utafiti ndio unaoitofautisha shule hii na mshauri wa kukodi. Watafiti wake ndio wanaoandaa takwimu za Giving USA, ripoti ya kila mwaka ya utoaji nchini Marekani. Kwa mwaka 2024 ilihesabu dola bilioni 592.5, na takriban theluthi mbili zilitoka kwa watu binafsi walio hai. Makampuni, ambayo bodi nyingi huyakimbilia kwanza, yalitoa kama asilimia 7. Mkurugenzi anayebishana na bodi inayotaka kila barua ipelekwe kwa makampuni anayo hoja tayari mkononi.

Lakini shule hiyohiyo imeonyesha jambo linalopaswa kumnyima usingizi kila anayepanga miaka kumi ijayo. Utafiti wake unaofuatilia familia zilezile kwa miaka mingi, ukifanywa sambamba na uchunguzi mkubwa wa kaya wa Chuo Kikuu cha Michigan, ulikuta kwamba kaya zinazotoa kwa mashirika zilishuka kutoka asilimia 66 mwaka 2000 hadi chini kidogo ya 50 mwaka 2018. Fedha zinaongezeka huku watoaji wakipungua. Lirudie jedwali letu: ngazi ya chini yenye watu 400 ndiyo inayokauka, na ndiyo shamba wanamochipuka wale 58 wa juu. Mchangiaji mpya ni mgumu kumrudisha. Nchini Marekani takriban mmoja tu kati ya watano waliotoa kwa mara ya kwanza hutoa tena mwaka unaofuata. Kama wote 400 ni wapya, mwakani watarudi kama 80, na 320 watafutwe upya. Kwa sababu hiyo tunaona hatua ya 14, ya kumtunza aliyetoa, inastahili nafasi sawa na zile 13 zote kwa pamoja, na anayehudhuria aiulizie maswali mengi kuliko hatua nyingine yoyote.

Sasa ile kasoro. Kozi fupi humjenga mtu, na cheti hubeba jina lake. Akiondoka, na wachangishaji wazuri huitwa kwingine mapema, jedwali, majina 30 na uhusiano wote vinaondoka naye. Kuna madhara mengine ya haraka zaidi. Anarudi akijua kwamba bodi inapaswa kutoa kwanza, kila mjumbe kwa uwezo wake, kabla ya mtu wa nje kuombwa. Akisimama kikaoni kuwaambia waajiri wake watoe, anaonekana mtovu wa adabu. Wiki ya tatu amenyamaza, na kitabu cha kozi kimeingia kabatini.

Dawa yake ni kupeleka watatu: mkurugenzi mtendaji, mwenye dhamana ya uchangishaji, na mwenyekiti wa bodi au mjumbe anayeheshimiwa na wenzake. Ada itapanda mara tatu, na kwa shirika dogo hilo si jambo jepesi. Ikiwa fedha hazitoshi, tungeahirisha mwaka mmoja ili waende wawili, mmoja wao akiwa wa bodi, kuliko kumtuma mchangishaji peke yake mwaka huu. Ujumbe wa kutoa unapaswa kutoka kinywani mwa mjumbe mwenzao ambaye ameshaandika hundi yake. Shule pia hutoa mafunzo yanayoandaliwa kwa ajili ya taasisi moja, na kwa shirika lenye bodi kubwa hayo hugusa tatizo lenyewe kuliko kiti kimoja darasani.

Kozi za uchangishaji haziondoi haja ya mhasibu. Shirika la Marekani lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani la hisani lisilotozwa kodi ya mapato, kwa kawaida linawasilisha kila mwaka ripoti ya Fomu 990 au mojawapo ya aina zake. Lenye mapato ya kawaida yasiyozidi dola 50,000 hutuma ile fupi ya kielektroniki, 990-N. Likikosa kuwasilisha miaka mitatu mfululizo, hadhi yake ya kodi hufutika yenyewe, na mchangiaji mkubwa akiangalia orodha ya mamlaka ya kodi asilikute jina, mazungumzo yamekwisha. Barua za shukrani nazo zina sheria yake. Mchango wa dola 250 au zaidi unahitaji uthibitisho wa maandishi, unaotaja kiasi na kusema kama mtoaji alipewa kitu badala yake. Na mtu akilipa zaidi ya dola 75 huku sehemu ya malipo ikiwa ni ya chakula au tiketi, shirika linapaswa kumwambia thamani ya alichopokea. Barua nzuri yenye maneno matamu isiyosema kama mtoaji alipewa kitu inaweza kumkosesha mchangiaji punguzo lake la kodi, na hilo hatalisahau.

Linalogombanisha bodi na mchangishaji mara nyingi ni malipo. Wapo wanaopendekeza alipwe asilimia ya anachokusanya ili ajitume. Maadili ya taaluma hiyo Marekani yanakataza, na sababu yake iko wazi kwa yeyote aliyeuelewa mzunguko: anayelipwa kwa asilimia ataharakisha kuomba, atachukua 1,000 leo kwa mtu ambaye angetoa 50,000 baada ya miaka mitatu ya kumjua. Mpeni mshahara, na mpimeni kwa idadi ya wachangiaji waliorudi.

Nani asiende? Shirika lisilo na mchangiaji hata mmoja wa kawaida, linaloishi kwa ruzuku moja ya serikali, litapata kidogo hapa kwa sasa. Lianze kwa kukusanya majina 50 ya watu wanaoijua kazi yake. Wasiende pia wanaotafuta shahada ya kupandia cheo, maana upande huo wa shule una mlango wake.

Anayekwenda abebe orodha ya michango ya miaka mitatu iliyopita, ikiwa na jina, kiasi na tarehe, iliyopangwa kutoka mkubwa hadi mdogo. Bila orodha hiyo, jedwali la ngazi darasani litajazwa kwa kukisia. Kabla ya safari, mwenyekiti ahesabu ni wajumbe wangapi wa bodi majina yao yamo.