Tulilipa kusikia habari za mashujaa, shangazi yangu akazimwa kama redio

Nianze na kitufe, maana kila nikiikumbuka ile ziara ndicho kinachonijia kwanza. Ni kitufe cheusi, kidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa, kimekaa juu ya ile spika ndogo ambayo waongozaji siku hizi hujifunga kiunoni. Ukikizungusha kulia, sauti inapanda. Kijana wetu alikizungusha kulia wakati shangazi yangu, mama wa miaka sabini na kitu, bado anaongea. Hakumwambia anyamaze. Alimfunika tu, kama mtu anavyofunika sufuria.

Sasa nieleze vizuri nisije nikaonekana mchokozi.

Shangazi alikuja Nairobi kwa ajili ya kliniki ya macho, akitokea Magarini, kule Pwani. Daktari akamwambia arudi baada ya siku nne, na siku nne kwenye nyumba yangu ya Donholm, gorofa ya tatu, kwa mtu aliyezoea kuamka akiona shamba, ni kifungo. Nikaona tangazo la ziara ya miguu katikati ya mji: maisha ya fumbo ya watu mashuhuri. Elfu moja mia tano kila kichwa, unalipa M-Pesa kabla hujafika. Nikalipia wawili. Shangazi akatoa leso yake mpya, ile iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio", akajifunga kama anaenda arusi.

Tulianzia mbele ya Hifadhi ya Nyaraka, tukasogea hadi sanamu ya Tom Mboya, yule waziri aliyeuawa. Hapo sina lalamiko. Kijana anajua kazi, na sisemi kwa kumpaka mafuta, mtaona nilivyo na hasira naye. Alituonyesha upande wa barabara ambako Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 Mboya alitoka kwenye duka la dawa akapigwa risasi, akiwa na miaka 38. Barabara wakati huo iliitwa Government Road. Leo ni Moi Avenue na watu wanauziana soksi palepale. Mtu mmoja, Njenga Njoroge, alinyongwa mwaka uo huo, na lile swali la nani alimtuma bado Wakenya tunaulizana kwenye matanga. Shangazi akakumbuka siku habari ilipofika kwao kwa redio ya jirani. Mwongozaji akamsikiliza. Akatikisa kichwa hata. Ndiyo maana nasema sielewi kilichompata baadaye.

Kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ndipo aliponimaliza. Mnaijua ile sanamu, bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Mimi hupita pale nikikimbilia matatu na sijawahi kuinua uso. Akatusimamisha, akainama, akaizima spika kabisa. Watu tukalazimika kusogea karibu kama wanaoambiwa siri. Akasema huyu mtu alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na sanamu ikazinduliwa tarehe iyo hiyo mwaka 2007, miaka hamsini kamili. Halafu akauliza: kaburi lake liko wapi? Kimya. Wakoloni walimfukia bila alama ndani ya gereza, na mjane wake, Mukami, alitafuta mifupa ya mumewe hadi akafariki mwaka 2023 bila kumzika. Mji mzima unampita mtu mwenye sanamu asiye na kaburi. Nilisikia kitu kooni, na mimi si mtu wa kulia barabarani.

Kwa hiyo mkumbuke: anajua kuizima. Kile kitufe kinazunguka pande zote mbili.

Tukapanda barabara ya Muindi Mbingu. Shangazi, ambaye jicho lake moja lina ukungu lakini lile la pili linasoma kila kibao, akauliza, "Muindi Mbingu ndiye nani?" Jibu: "Hayuko kwenye programu, shosho." Ya kwanza hiyo. Shosho! Ni bibi kwa Kikikuyu, najua Nairobi watu husema hivyo kwa upendo, lakini huyu mama si wa huku. Akamjibu taratibu, "Mwanangu, kwetu ni hawe." Akajibiwa "sawa shosho", na kundi likacheka.

Nikamweleza mimi njiani, kwa kidogo ninachojua. Mwaka 1938 serikali ilipotaka kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, Muindi Mbingu aliongoza watu kwa maelfu wakashuka Nairobi wakapiga kambi Kariokor wakitaka kuonana na gavana. Ng'ombe wakarudishwa, yeye akapelekwa uhamishoni Lamu. Shangazi akasimama. "Lamu? Na wetu wakaletwa bara?" Akacheka peke yake. "Wazungu hawa walikuwa wanacheza bao. Kete ya huku wanaitupa kule." Hilo lilikuwa neno bora la siku nzima, na mtu aliyelipwa kutuongoza alikuwa hatua kumi mbele hajui.

Jeevanjee tulipita mbio. Bustani, sanamu ya mwenyewe, mahubiri ya saa saba, basi.

Sasa barabara ya Harry Thuku, ambako ziara inaishia na ambako mambo yaliharibika. Hadithi yenyewe ni ya Muthoni Nyanjiru. Machi 1922 Thuku, mwanasiasa aliyewapinga wakoloni, amekamatwa, umati umekaa nje ya kituo cha polisi unamtaka atoke. Tarehe 16 wazee wanaume wakaenda kuzungumza na wakubwa, wakarudi wakiwaambia watu watawanyike. Nyanjiru akasimama, akainua nguo yake juu, akawaambia wanaume wavue suruali wampe, wao wachukue gauni lake, maana ni waoga. Kwa Wakikuyu hilo ni tusi lisilo na tusi juu yake. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasukuma mbele, polisi wakafyatua. Yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu maiti 21, waliokuwapo wakasema ni wengi zaidi ya hapo. Na huyo mama, tunachomjua nacho kwa uhakika ni zile dakika chache. Dakika chache tu za maisha yote! Mwongozaji alilisema hilo vizuri, nampa haki yake.

Kisha akaongeza, kwa kujigamba kidogo: "Pwani nao walikuwa na wao, Mekatilili, jina alilopewa na baba yake, maana yake mwanamke asiyeogopa."

Shangazi akainua mkono. Kama mtoto wa shule, nawaambia, alinyoosha mkono.

Akasema, mwanangu, baba yake alimwita Mnyazi. Mnyazi wa Menza. Alipomzaa Katilili ndipo akawa Mekatilili, mama yake Katilili, kama mama yako anavyoitwa kwa jina lako. Watu wakageuka. Binti mmoja mwenye kofia akatoa daftari. Shangazi akapata nguvu, akaanza habari ya kuku. Huyu Arthur Champion, afisa Mwingereza, amekuja mwaka 1913 kutaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi, na kodi juu. Kwenye baraza Mekatilili akaja na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia mzungu, haya, chukua kifaranga kimoja. Hapo shangazi alikuwa amekunja viganja vyake viwili hivi, kimoja juu ya kingine, ungeapa kuna kitu kinalia mle ndani.

Na ndipo kitufe kikazunguka.

"SAWA SHOSHO, HIZO STORI ZA USHAGO TUTAZISKIA BAADAYE, TUNA RATIBA." Spika ikapiga mluzi. Mtu aliyekuwa akipita upande wa pili wa barabara aligeuka. Shangazi akabaki amesimama na kifaranga chake mkononi. Hakusema kitu. Akafungua viganja polepole, akazivuta ncha za leso, akarudi nyuma yangu.

Stori za ushago, yaani za kijijini. Hapo ulipokuwa ukituliza kwa Kimathi, ndugu yangu, hadithi ile ilihifadhiwa wapi miaka yote iliyokuwa marufuku kuisema? Kwa nani? Bibi yake huyu mama alikuwa msichana mwaka huo wa 1913, ameicheza kifudu, ngoma ya matanga ambayo Mekatilili alitumia kukusanya watu. Wewe umeisoma wapi? Kwenye karatasi mbili ulizopewa ofisini, ambazo jina la mtu zimelikosea!

Niliwapigia simu jioni hiyo. Mwanamke mpole akasema watalishughulikia, na kwamba kijana ni mgeni kazini. Siku mbili baadaye ikaja kuponi ya nusu bei, mwisho wa mwezi inakufa. Nusu bei ya kufunikwa. Nikataka kuandika maoni ya nyota moja mtandaoni saa hiyo hiyo, shangazi akanishika mkono, akasema, "Umeandika yote?"

Sikuwa nimeandika yote, ni kweli. Baada ya ziara kuisha watu wanne au watano hatukuondoka. Binti wa kofia alimfuata shangazi chini ya mti kando ya ua wa chuo kikuu akamwomba amalizie. Akamalizia. Champion akanyoosha mkono, kuku akamdonoa, na Mekatilili akamwambia ndivyo utakavyofanywa ukigusa mmoja wa wana wetu. Akaeleza walivyomkamata, wakampeleka mbali magharibi, wengine husema Kisii wengine Mumias, akatoroka akarudi kwa miguu hadi Ugiriama. Fikiria umbali huo, mwanamke wa umri wake, bila gari, nchi asiyoijua lugha zake. Akaeleza Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, ilivyolipuliwa kwa baruti mwaka 1914, na kaburi la Mekatilili lililoko Bungale, si mbali na kwetu. Wakati huo wote kijana alikuwa pale pembeni anakunja waya wa spika. Anakunja, anakunjua. Waya wa mita moja, dakika ishirini. Akaondoka bila kuaga.

Basi nilikuwa nimetulia kwenye nyota mbili: moja ya Kimathi, moja ya Nyanjiru. Shangazi alifanyiwa jicho lake, akarudi Magarini.

Sasa juzi mwenzangu wa kazini akaenda ziara iyo hiyo (nilimwonya, akasema ana kuponi yangu, afanyeje). Akarudi anaisifu. Akaniambia sehemu iliyomgusa zaidi ilikuwa ya kuku. Kuku gani? Akanisimulia. Mnyazi wa Menza, mama yake Katilili, baraza, Champion, chukua kifaranga kimoja. Na akanionyesha mwongozaji alivyofanya: viganja viwili, kimoja juu ya kingine. Spika ameizima. Watu wamesogea.

Nikauliza, alisema amefundishwa na nani? Hakusema. Alisema "kule Pwani wanasimulia hivi".

Damu ilinichemka upya. Huyu si mgeni kazini, huyu ni mwizi, na amechagua mali nzuri. Nikafuta nyota zote mbili. Nikampigia shangazi papo hapo nimweleze, nimwambie tudai hata jina lake litajwe, au hela zote elfu tatu zirudi, si kuponi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake nasikia kuku halisi.

"Alisema Mnyazi?"

"Alisema."

"Na viganja akakunja?"

"Akakunja."

Akacheka kile kicheko chake cha bao. Akasema nimtafutie namba ya huyo kijana, kuna sehemu ya Bungale hakuisikia vizuri, alikuwa anakunja waya.

Namba ninayo. Sijaituma bado. Nyota nitaweka nikishaamua kama nitaituma.