Bafa ya sauti kwenye simu: ununue nini kwa kupiga laivu

Unapotafuta vifaa vya kupiga gitaa au kinanda laivu kupitia simu, acha kwanza habari za kamera na ukubwa wa memori. Swali ni moja: simu hiyo inamudu bafa ndogo kiasi gani bila sauti kukwaruza?

Bafa ni fungu la sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, ambalo simu hulijaza kabla ya kulitoa. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya 128 hubeba milisekunde 2.7, ya 256 hubeba 5.3, na ya 512 hufika 10.7. Gitaa hupita bafa ya kuingia, kisha ya kutoka, na Android mara nyingi hupanga mafungu mawili upande wa kutoka, kwa hiyo namba unayoiona kwenye programu siyo ucheleweshaji wote kati ya kupiga na kusikia. Milisekunde 10 ni kama kusimama mita tatu na nusu hivi kutoka kwenye spika, na wapigaji wengi hawasumbuki. Zikifika 30, mdundo unaanza kukuponyoka.

Chaguo langu la kwanza ni kadi ya sauti ya USB, yaani kifaa cha kuingizia na kutolea sauti, inayotambuliwa na simu bila draiva (programu ya kuiendesha). Kwa iPhone jaribu bafa ya 128, hata 64. Kwa Android hakikisha programu yako inatumia AAudio, njia ya Android ya kupitisha sauti kwa haraka, iliyokuja na Android 8.0 mwaka 2017. Chagua kadi yenye tundu lake la umeme, maana ikinyonya simu, betri itaisha katikati ya shoo. Na kama wewe ni mwimbaji, tafuta yenye swichi ya kusikia maiki moja kwa moja: sauti yako inatoka kwenye kadi hadi masikioni bila kupita kwenye simu, hapo hata bafa ya 512 haikuumizi. Kwa swichi hiyo peke yake ningelipa zaidi.

La pili ni hedifoni za waya. Zinamtosha mpiga kinanda cha MIDI (kinachotuma ishara za noti, siyo sauti), kwa sababu kwenye simu haiingii sauti, inatoka tu.

La tatu ni kile kiunganishi cha gitaa kinachochomekwa kwenye tundu la hedifoni. Kwa mazoezi kinafaa. Jukwaani, ukipandisha geni (nguvu ya sauti inayoingia), sauti inayotoka huvujia kwenye inayoingia na kuanza kupiga miluzi.

Bluetooth ni ya mwisho, na kwa laivu usiinunue kabisa. Kufunga sauti, kuirusha na kuifungua kunaweza kula zaidi ya milisekunde 150, na hakuna bafa utakayopunguza ikazirudisha.

Kabla ya kulipa, omba kujaribu. Anza na 256, weka riveba (mwangwi), bonyeza kodi nzito, yaani noti nyingi kwa pamoja, kwa mikono miwili na uishikilie. Shuka hadi 128, rudia. Ukisikia tak-tak, prosesa haiwahi kujaza bafa. Panda ngazi moja. Usiridhike na dakika ya kwanza, kwani simu ikipata joto hupunguza kasi ya prosesa, na bafa iliyokuwa safi mwanzoni huanza kukatika wimbo wa tatu. Ndiyo maana siku ya shoo zima hali ya kuokoa betri, weka hali ya ndege, na uivue simu kava.